Jino lipi ling'olewe?

Jumanne, nilipokuwa nangoja zamu yangu katika kliniki moja ya meno hapa Bunia, mama mkulima kutoka Kpandroma aliketi kitini, shavu limevimba. Daktari akagusa jino moja.

“Mama, ni hii?”

“Ndiyo, dokta.”

Akagusa la pembeni. “Ao ni hii?”

“Ndiyo, dokta.”

Daktari akaweka koleo chini, akampa kioo. “Weye mwenyewe onyesha na kidole.”

Mama akaonyesha jino la tatu, la nyuma kabisa. Ndilo lililong'olewa.

“Sasa juu ya nini uliitika?”

“Dokta, weye ndiye ulisoma. Miye nitakukatalia namna gani?”

Najiuliza ni meno mangapi mazima yameng'olewa mjini kwetu kwa sababu ya heshima. Zamu yangu ilipofika, daktari aliniuliza kama ganzi imeshika. Nilijibu ndiyo kabla sijajigusa.