Gundi na Ree ya Kopa

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani walimwita Gundi, kwa kuwa alichokishika mwanamke huyu hakikubanduka. Alikuwa fundi makochi. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake, pamoja na kibanda chembamba kinachonuka ngozi na sponji, na kwa ajili ya kibanda hicho alivutana na mwenye nyumba mpaka yule mzee akachoka mwenyewe. Kuna siku alikuwa akishusha kochi ngazini na mdogo wake wa kiume. Mdogo mtu akateleza, akarukia pembeni, akapiga kelele: "Liachie, dada!" Gundi hakuliachia. Waliporomoka wote wawili, yeye na kochi, hadi chini. Kochi halikupata hata mkwaruzo. Yeye alivunjika mfupa wa bega.

"Lingeharibika," aliwaambia hospitalini, kana kwamba hayo ndiyo maelezo.

Basi kiwanda kimoja cha ngozi kilipofungwa, chama cha mafundi kikapewa cherehani ya kushonea ngozi nzito. Moja tu, na walioitaka walikuwa watatu: Gundi, fundi viatu na fundi mabegi. Gundi alikuwa akishona ngozi kwa mkono, na vidole gumba vyake vilikuwa vimeanza kugoma asubuhi. Lakini wenzake nao walikuwa na vidole. Walibishana hadi mwenyekiti wa chama akashika kichwa.

"Nyinyi si kila Jumamosi mnacheza karata? Chezeni! Atakayewamaliza wenzake abebe cherehani, na mtu asinisumbue tena."

Wakakutana mchana karakanani kwa fundi viatu, cherehani yenyewe imesimama kando ya mlango. Badala ya pesa kila mmoja alipewa kopo la vifungo, sawa kwa sawa, na mwenyekiti akawa mgawaji. Mchezo wao ulikuwa ule wa kugawana. Unapewa karata nne za siri, tano zinafunuliwa mezani kwa wote, na mkono wako unaujenga kwa mbili zako na tatu za mezani. Vifungo vinavyowekwa katikati hukatwa mafungu mawili: nusu kwa mwenye mkono mkubwa kuliko wote, nusu kwa mwenye karata ndogo kuliko wote. Mjanja hutafuta zote mbili.

Walicheza kwa adabu kwanza. Fundi mabegi, binti mwenye maneno mengi kuliko sindano zake, alikuwa akichekesha watu. Kisha ukaja mkono mmoja ambao Gundi alipochungulia karata zake moyo ulimpiga paa: kati ya zile nne, mfalme na malkia, wote wa kopa. Mezani zikafunuliwa tatu, sita na nane, zote kopa. Kopa tano, mkono mkubwa wa karata za aina moja! Zikafuata mbili za mwisho, hazikubadili kitu.

Fundi viatu akalisukuma kopo lake lote katikati.

"Haya, na mimi nimo," akasema fundi mabegi, akasukuma la kwake. Safari hii hakucheka.

Wote wakamgeukia Gundi.

"Weka, dada!" mdogo wake akamnong'oneza kwa nyuma. Alikuwa amezichungulia karata. "Unangoja nini? Mkono kama huo utaupata lini tena?"

"Hebu nyamaza kidogo."

Mkono wake tayari ulikuwa kwenye kopo. Mwili wake wote ulitaka kusukuma, ndivyo alivyoumbwa. Lakini alijilazimisha kutazama. Fundi mabegi tangu mchana alikuwa akiwinda karata ndogo, na mezani zilijaa ndogo. Nusu hiyo imekwenda, Gundi akajiambia. Imebaki nusu moja, na kuishinda nusu moja kwa kopo zima ni kurudi na faida ya kiganja. Na je, angeishinda? Kilichoweza kumpiga kilikuwa kimoja tu: ree ya kopa, maana ree humshinda mfalme, na kopa nyingine pembeni yake. Akamtazama fundi viatu. Huyu alikuwa mtu wa kupima ngozi mara tatu kabla ya kuigusa kwa kisu, kisha anaipima tena. Mtu huyo hawezi kuweka cherehani rehani kwa mkono unaopigika. Ree anayo yeye.

Akajikaza kisabuni, akazilaza karata zake kifudifudi.

"Natoka."

"Dada!" mdogo wake akashika kichwa. "Gundi gani wewe?"

"Natoka, nimesema."

Wakafunua. Fundi viatu: ree ya kopa na mbili ya kopa. Fundi mabegi naye alikuwa na ree na mbili, ila si za kopa, na kwa kuwa ree huhesabiwa pia kuwa moja, kwenye karata ndogo wakalingana. Fundi viatu akazoa nusu ya mkono mkubwa na nusu ya ile nusu nyingine. Binti wa watu akabaki na robo.

"Kaka, umeninyoa bila maji!" akalalamika, na mikono miwili baadaye akawa mtazamaji.

Wakabaki wawili, na mbele ya fundi viatu vifungo vilikuwa kichuguu. Gundi hakutetereka. Alitoka, akatoka tena, akaokota kidogo hapa na pale, akakaza pale tu alipoona njia ya kuchukua mafungu yote mawili. Vifungo vikaanza kuhama meza taratibu. Jua lilipokuwa likiingilia dirishani akapata ree, mbili, tatu, nne na tano: ndogo kuliko zote, na papo hapo zimefuatana, mkono mkubwa. Fundi viatu alikuwa na jozi mbili nzuri, akamfuata hadi kifungo cha mwisho, na vyote vikahamia kwa Gundi.

Fundi viatu alizitazama karata za Gundi, akavua miwani.

"Pale nilipoweka kopo zima nawe ukatoka, dada," akasema. "Ulikuwa na nini?"

"Mfalme na malkia, kaka. Wa kopa."

"Ukaziacha hizo zote mbili?"

"Niliziacha. Na usiku sijui kama nitalala kwa uchungu." Akainuka, akakunja mikono ya gauni. "Sasa shikeni huko, mnisaidie kubeba cherehani. Mdogo wangu, wewe kaa upande wa mbele, nikuone."