Msonyo Huu Ni wa Nani?

Juzi, katika ofisi moja Korogwe, binti wa kaunta aliinamia barua ya bibi aliyeshuka kutoka milimani Lutindi, akaachia msonyo mrefu. Foleni nzima tukageuka kumtazama. Kumsonya mtu mzima!

Bibi akashika ukingo wa kaunta. "Mjukuu wangu, huo msonyo ni wangu?"

Binti akainuka, mkono kifuani. "Shikamoo bibi! Si wako jamani, ni wa huu muhuri. Umekauka wino."

"Marahaba. Basi tuusonye wote."

Wakausonya, na foleni tukaitikia kwa kicheko. Binti akagonga tena, wino ukatoka.

Siku hizi nikisonya nyumbani natangaza kwanza ni wa nani: wa redio, wa kuku, wa umeme. Wa mke wangu bado sijathubutu.