Safu Iliyofutwa Kwenye Orodha ya Diski

Siku yangu ya kwanza kwenye kitengo cha kompyuta cha hospitali, hapa Mpanda, nilikuwa nimetoka masjala na mvi zimeshaanza. Mkuu wa Kitengo alinionyesha jinsi ya kuikagua seva, mashine iliyotunza mafaili yote ya wagonjwa. Aliandika amri fupi, zikatokea safu tatu: jina la folda, ukubwa, na nafasi iliyobaki.

"Unaona ilivyo safi? Unix, mfumo unaoiendesha mashine hii, yenyewe inamwaga mistari mpaka macho yanauma. Mganga Mfawidhi alilalamika, nikaipunguza, hata safu ya jina la diski nikaifuta."

Folda moja iliitwa hifadhi. Diski ya nje ilipachikwa hapo, yaani mashine iliambiwa kwamba chochote kinachowekwa kwenye folda hiyo kiende kwenye diski ile. Humo ndimo zilimokaa nakala za akiba. Seva ikifa bila nakala zile, mgonjwa wa kifua kikuu wa Nsemulwa asingejulikana amefikia wapi na dawa.

Mimi ni mtu wa kushuku, na siombi radhi. Baba yangu alihamia Mwamkulu na ng'ombe kutoka Shinyanga, na jioni hakumuuliza mchungaji kama wametimia. Mchungaji atakutajia hata ng'ombe aliyebaki kwa jirani, maana jina lake analijua. Baba aliingia zizini mwenyewe.

Basi nikawa naikodolea macho ile orodha. Hifadhi na diski kuu, ile iliyo ndani ya seva yenyewe, zilikuwa na ukubwa uleule na nafasi ileile, na kila asubuhi zilipungua sawasawa. Mapacha gani hao? Chumba cha seva kilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao bosi peke yake. Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Nilijiambia diski ameshaiuza, na orodha hii safi ni pazia lake.

"Bosi, naomba urudishe ile safu uliyoifuta, ya jina la diski."

"Kwani huniamini?"

"Bado siyaamini macho yangu, bosi. Kwako sijafika."

Alibonyeza vitufe kwa hasira. Safu ikarudi, na mbele ya hifadhi pakasomeka jina la diski kuu. Diski ya nje haikuwemo kabisa. Siku zote tulikuwa tukiuliza kwa jina la folda, na orodha ikaturudishia jina hilohilo, kama mchungaji wa baba.

Tukafungua chumba. Diski ilikuwa rafuni, taa yake inawaka. Umeme ulikatika siku fulani, mashine ikawaka bila kuipachika tena, na nakala zikaendelea kuandikwa kwenye diski kuu ileile ambayo zilitakiwa kuiokoa. Kusema kweli nilisikitika kumkosa mwizi. Mwizi angeacha pengo rafuni, na mtu angeliona.

"Mzee, mimi nilitaka ipendeze tu," bosi akasema. Nilimwamini, kwa kiasi.

Tuliipachika na kunakili upya kabla hatujatoka mle chumbani. Masika hayakuisha, diski kuu ikafa. Mafaili yote yakarudi kutoka hifadhi. Baadaye nikahamishiwa kituo cha afya Usevya, na huko nilianza kwa kuandika orodha yangu, jina la diski likitangulia.

Sasa nimestaafu. Nyie vijana punguzeni mistari mpendavyo, ila safu inayosema kitu kimekaa juu ya nini iacheni. Kila mwezi naenda hospitali kuchukua dawa za presha, na fundi wa sasa hunicheka.

"Mzee, leo umekuja kwa daktari au kwa seva?"

Namwambia anionyeshe orodha kwanza. Siku hizi hata faili langu limo humo.