Kofia Nyekundu ya Winchi

Chekeni tu, mimi nishazoea, maana hata watoto wa Kisauni wakiniona nachechemea huniita "Mwenye Winchi", na aibu ya jina hilo nitazikwa nayo.

Miaka ile ya themanini nilikuwa kibarua kwenye klabu moja ya mashua kule Mkomani. Wanachama walikuwa na winchi moja ya cheni ya kupandishia mashua, winchi ya wote, na kitu cha wote ndio mwajua tena, kila mtu akiitumia na hakuna aliyeitia grisi. Sheria ilikuwa moja tu: kofia nyekundu iliyotundikwa msumarini. Anayeivaa ndiye mwenye winchi siku hiyo, akague ndoano na cheni, aseme "inua", na litakalotokea ni lake.

Sasa mke wangu Mwanaisha alikuwa karudi kwao Likoni (ati mume gani huyu asukumwa kama mkokoteni), na babake, Mzee Hamisi, akaapa hamrudishi mpaka aione kazi yangu kwa macho yake. Nami na mdomo wangu huu nikamwambia, "Njoo Jumapili, baba, kuna mashindano. Pale mwenye winchi ni mimi."

Jumapili nikaikuta kofia msumarini, hakuna aliyeigusa, na siku za wageni kwa kawaida waligombana kuivaa. Nikaivaa. Mutua, mvuta cheni, akanipigia saluti. Shaabani fundi akasema, "Leo umependeza, bosi!" Nami mjinga nikadhani ni heshima! Kumbe wenzangu wajua. Ulimi wa ndoano, ule wa kuzuia mzigo usichomoke, ulikuwa umevunjika, Shaabani mwenyewe akaufunga kwa waya, na Bwana Faruki, katibu wa klabu, alipoombwa ndoano mpya alijibu kuwa winchi si ya babake. (Nawataja, na akikasirika mtu aje, kwangu apajua.)

Nilitaka kuikagua, wallahi, mkono nishaunyoosha, lakini mkwe ndio huyo aingia getini na kanzu nyeupe pepepe, nikaiacha nikakimbilia kumpa mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Winchi yako ndiyo hii?"

"Ndiyo hii. Hapa bila neno langu hata sindano hainuki!" Nikasema kwa sauti, wageni nao wasikie.

Nikapiga ukelele, "Inuaaa!" Mutua akavuta, mashua ya daktari mmoja ikapanda ikaning'inia, na mzee akakubali kwa kichwa polepole, akasema, "Basi Mwanaisha Alhamisi atakuja, inshallah." Nilimsikia kwa masikio haya mawili. Sijaitikia, waya ukakatika ta! Ndoano ikaachia, mashua ikashuka kwa pua, ikanibana mguu, ikajitupa kwenye tope la ufukweni, na tope likaruka likawavaa wageni wote, kanzu ya mkwe ikawa kama tambara la gereji.

Niko chini napiga mayowe, suruali imepasuka nyuma mbele ya wake za watu, Bwana Faruki akaja mbio. "Nani mwenye winchi leo?"

Mutua akatazama bahari. Shaabani ghafla akawa na spana ya kufuta. Mimi nikaivua kofia taratibu nikailalia.

Mzee Hamisi, mtu asiyejua uongo, akajipangusa tope machoni. "Mwenyewe ni huyu, mkwe wangu. Kaniambia kwa kinywa chake, bila neno lake hata sindano hainuki."

Kazi ikaishia hapohapo, na vidole viwili vya mguu vikabaki hospitali. Alhamisi Mwanaisha alikuja kweli, wodini, akaniwekea chupa ya uji, asikae.

"Baba asema nije nichukue talaka yangu."

Tangu siku hiyo sivai kofia, hata ya kuswalia, imamu na anung'unike. Nanyi mkikuta cheo kimetundikwa na hakuna anayekigombania, piteni mbali, msikiulize bei. Maana nilipotoka hospitali nilipita pale getini kwa magongo, nikachungulia: winchi ina ndoano mpya yang'aa, na Mutua na Shaabani wanyang'anyana kofia.