Ndege ya mama imefutwa, kumbe haki yake ilikuwa palepale kaunta

Jamani, mie bado siamini.

Leo asubuhi nimempeleka mama uwanja wa ndege. Kaka yake amefariki Mwanza, anazikwa leo alasiri. Tunasimama tu foleni, dada wa kaunta anatangaza: "Ndege ina hitilafu, safari imefutwa. Rudini kesho."

Kesho!

Watu wakaguna, wakasonya, wakaburuta mabegi yao kutoka nje. Sie bwana, tukiambiwa rudini, tunarudi.

Mama akakaa sakafuni, kanga usoni. "Ndo simuoni tena kaka yangu."

Nikarudi kaunta, hata sijui natafuta nini. Nikauliza tu, "Sista, hakuna kampuni nyingine inayoruka leo?"

"Ipo, saa tano. Abiria aliyefutiwa safari ana haki ya kuhamishiwa huko, na halipi chochote. Nimhamishe mama?"

Yaani kwa sauti ileile aliyotufukuzia!

"Sasa mbona hukutuambia?"

Akanitazama, wala hana hasira. "Hamkuuliza, dada."



Mama akapewa tiketi palepale. Mie nikatimka nje kuwaita wenzetu. Nikamkuta dada mmoja tu wa Buguruni, anapakia begi kwenye bajaji. Akadhani namtania! Nikamvuta mkono hadi ndani, naye akapata nafasi.

Wengine wote walishaondoka.

Mama ameshapaa, mazishi atayawahi. Ila kuna baba mmoja wa Kimbiji tulisimama naye foleni, alikuwa anamuwahi mwanawe hospitali hukohuko Mwanza. Saa hizi yuko njiani kurudi nyumbani, na hajui.

Nyie mlikuwa mnalijua hili, au ni mie tu?