Fundi Ambaye Umeme Wake Haukatiki

Khudhair bin Mizhir alikuwa mtu mgumu kupendwa, wala hakuomba apendwe. Miaka thelathini na mmoja alikaa katika chumba cha umeme cha kiwanda cha barafu cha Haji Nufal, pembeni mwa Basra, akinywa chai nyeusi na kumtukana kila aliyepita mlangoni. Majirani walimsalimu kwa mbali. Lakini barafu haikuwahi kusimama mikononi mwake, na katika mji ambao mwezi wa saba joto hufika nyuzi hamsini, na wauza samaki wa soko la Ashar hugombania barafu alfajiri kama watu wasiojuana, fundi wa namna hiyo husamehewa mdomo wake. "Umeme wa Khudhair haukatiki," watu walisema. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyokuwa nayo duniani, na aliilinda kwa meno.

Siri ya sifa yenyewe ilikuwa bisibisi. Kila ulipoingia mwezi wa tano alifungua swichi moja baada ya nyingine na kuzungusha skrubu zake ndogo mpaka mwisho. Skrubu hizo ndizo zinazoiambia swichi ivumilie mzigo kiasi gani na kwa muda gani kabla ya kukata. Ukizipeleka mwisho, swichi huvumilia karibu chochote. Mwezi wa kumi na moja alizirudisha mahali pake. Mafundi wa viwanda vyote vya jirani walifanya hivyo hivyo, wakaita kuzivua swichi makoti. Swichi inayokatakata, alisema Khudhair, ni swichi mwoga. Kwamba swichi imewekwa pale ili iogope kwa niaba ya watu, hilo halikumpitia kichwani.

Mwaka huo Haji Nufal alinunua transfoma mpya, kubwa mara mbili na nusu kuliko ya zamani, maana alitaka kuongeza kompresa mbili. Watu wa bima wakakataa kuweka sahihi mpaka mtu apige hesabu. Ndipo akaja Mhandisi Raghad, mwanamke wa miaka ishirini na tisa mwenye kompyuta ya mkononi na viatu vya kazi vilivyochakaa. Siku tatu alipima kebo, akasoma vibao vya swichi, akaandika. Khudhair alimchukia tangu saa ya kwanza.

"Binti, unaiandikia swichi yangu barua ya mapenzi?" alimwuliza mbele ya vibarua.

"Naandika uwezo wake, ami. Hii swichi kuu inaweza kukata shoti ya ampea elfu ishirini na tano. Ikizidi hapo haikati, inapasuka."

"Nina miaka thelathini nayo. Haijapasuka."

"Kwa transfoma ya zamani, sawa. Transfoma kubwa husukuma shoti kubwa. Nipeni wiki mbili nimalize hesabu za chumba kizima, nijue shoti itafika wapi, kebo zinabeba nini, na swichi ipi itangulie kukata. Halafu muagize swichi inayofaa."

"Wiki mbili?" Aliyedakia ni Saadun, fundi wa zamu ya pili. "Samaki wa Ashar watakuwa wameshajirudia mtoni kwa miguu."

Vibarua wakacheka. Khudhair, ambaye hakupenda Saadun achekeshe kuliko yeye, akaongeza lake. "Mwambieni baba yake amtafutie mume. Huko kuna hesabu za mahari, azipige hizo."

Raghad alifunga kompyuta yake polepole. "Mume ninaye, ami. Ni fundi kama wewe. Vidole vyake vyote kumi anavyo kwa sababu husoma kabla ya kushika." Akaacha mezani karatasi moja yenye hesabu ya kwanza ya shoti, akaondoka. Haji Nufal akasema wiki mbili hana, joto halingoji, na transfoma itawashwa Alhamisi saa mbili asubuhi. Zamu ya Alhamisi asubuhi ilikuwa ya Khudhair.

Jumatano mchana Khudhair aliichukua ile karatasi nyumbani ili amchekeshe mkewe. Walikula bamia na wali, mke akajinyoosha kupumzika, yeye akabaki na kalamu. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi kwa aibu: ampea elfu mbili na mia tatu za transfoma, gawanya kwa ile sita ya kwenye kibao chake, zidisha kwa mia. Ikatoka elfu thelathini na nane na ushei, na swichi kuu mwisho wake elfu ishirini na tano. Akaipiga tena, ikatoka ile ile. Akaipiga mara ya tatu kwa hasira.

"Una nini?" mkewe akauliza.

"Bamia yako ina chumvi."

Simu ilikuwa palepale. Angempigia Haji Nufal, angesema neno moja, na transfoma ingengoja. Lakini neno lenyewe lilikuwa kwamba mwanamke wa miaka ishirini na tisa ameona kwa siku tatu jambo ambalo yeye hakuliona kwa miaka thelathini na mmoja. Basi alimpigia Haji, ndiyo, akamwambia hivi: "Haji, mgongo umenikaza. Kesho mpe Saadun awashe. Si anapenda sherehe?"

Watu wa aina hii wapo wengi, na wengi wao hufa wakiitwa mafundi hodari.

Asubuhi kondoo alichinjwa mlangoni, damu ikapakwa kwenye transfoma kama desturi. Saadun alikuja na shati lililopigwa pasi. Khudhair naye alikuja, akasimama nje ya mlango wa chumba cha umeme, mgongo umenyooka kabisa. Nadhani alikuja kwa sababu hakuweza kukaa nyumbani. Mpaka dakika ile alikuwa bado na nafasi.

"Saadun," aliita. "Toka hapo. Hiyo swichi huiwezi."

"Wivu umeanza, Abu Hatim?" Saadun akamjibu, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Nimesema toka, kichwa maji wewe."

"Hata mwaka jana uliniambia hivyohivyo, eti jenereta linataka kupasuka. Nikakimbia peku mpaka barabarani, ukanicheka mwezi mzima. Leo sikimbii, baba."

Haji Nufal akageuka. "Khudhair, kama kuna jambo, liseme watu walisikie."

Watu wote walikuwa wakimtazama, vibarua, mchinjaji na kisu chake, wauza samaki wawili waliokuja kula nyama. Khudhair akatazama chini.

"Sina jambo," akasema.

Saadun akawasha. Taa zikang'aa, wanawake wa jirani wakapiga vigelegele. Kompresa ya kwanza ikanguruma, ya pili ikafuata. Ya tatu, moja ya zile za zamani, ilipoanza, kebo yake, iliyopikwa kiangazi baada ya kiangazi na mzigo ambao swichi yake ilifundishwa kuuvumilia, ikapiga shoti hatua mbili kutoka kwenye ubao wa swichi. Swichi yake ndogo, iliyovuliwa koti, ikangoja. Swichi kuu ikajaribu kukata, ikashindwa, ikapasuka usoni mwa Saadun. Khudhair ndiye aliyeingia kwenye moshi kumburuta nje. Mikono ya Saadun ilikuwa imeshaharibika, na macho yake hakuna aliyejua kama yataona tena.

Siku ya nne walikutana katika chumba kile cheusi kwa masizi: Haji Nufal, Raghad, Khudhair, na kaka wawili wa Saadun, ambao tangu waingie hawakuwa wamemsalimu mtu. Saadun alikuwa hospitali na mpira kooni, hawezi kusema. Raghad aliinua mabaki ya swichi ndogo.

"Skrubu hii imepelekwa mpaka mwisho. Ingekuwa mahali pake, kebo isingepikika, na shoti isingekuwepo. Nani aliikaza?"

Haji Nufal alikohoa. "Saadun naye alikuwa na zamu zake humu," akasema, akamtazama Khudhair kwa jicho la kumfungulia mlango.

Mlango ulikuwa wazi kweli. Aliyeweza kukanusha alikuwa amelala na mpira kooni, na kaka zake hawakujua kusoma skrubu. Khudhair aliinyoshea kidole ile skrubu.

"Mimi," akasema, kwa sauti ileile ya ugomvi. "Kila mwezi wa tano. Msimguse Saadun. Na wewe binti, hesabu yako niliipiga nyumbani Jumatano, ikatoka sawasawa. Mara tatu. Kisha nikampigia Haji simu nikasema mgongo unaniuma, ili awashe Saadun."

Raghad aliweka swichi chini. Haji Nufal akaanza kusema kitu kuhusu kuwaita wazee wa kabila, tukae chini tuzungumze, lakini kaka mkubwa wa Saadun akamnyamazisha kwa mkono. Alimsogelea Khudhair mpaka pumzi zao zikagusana.

"Rudia," akasema. "Hiyo ya mgongo."

Khudhair akarudia.