Njaa Aliyoandikiwa Somoe

Somoe alikuwa mnene, na unene wake aliupenda. Tuseme ukweli, kijiji kizima cha Quitunda kiliupenda. Akipita na beseni la vitumbua kichwani, wenzake humtania kwamba milango ya nyumba hizi za matofali itabidi ibomolewe ipanuliwe, naye hucheka mpaka beseni linatikisika. Kwa watu wa pwani hii mwanamke mnene ametulia. Mwembamba ana msiba, au ana mume mbaya, au anaumwa ule ugonjwa usiotajwa mbele za watu.

Unene huo aliutafuta. Vita vilipoingia mji wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, Somoe alikimbia na binti yake Nafisa, wakakaa porini wakila mihogo mibichi na majani ambayo hata mbuzi angeyakataa. Walipofika Quitunda kwa dada yake Atija, aliyehamishiwa huko ardhi yao ilipochukuliwa kwa ajili ya mradi wa gesi, Somoe alijiapiza kwamba tumbo lake halitalia njaa tena. Na kweli halikulia. Asubuhi chai ya sukari tele na vitumbua, mchana wali wa nazi, katikati chupa ya soda, refresco, na kabla ya kulala kipande cha mkate, isije ikambidi kukimbia bila kitu tumboni.

Mwaka huu akaanza kuchoka bure, na chini ya mbavu za kulia akahisi uzito. Hospitalini wakampitishia mashine ya picha tumboni, kisha daktari kijana aitwaye Aurélio akamwambia kwamba ini lake limejaa mafuta.

«Mafuta ya kukaangia, doutor?» Somoe aliuliza. Alishaanza kulilaani karai lake.

«Hapana, mama. Mengine linayatengeneza lenyewe, kwa sukari na wali wako.»

Akamweleza taratibu. Kuna homoni iitwayo insulini, ambayo kazi yake ni utarishi. Mtu akila, hupita kwenye chembe za mwili ikibisha hodi: chakula kimefika, pokeeni sukari. Ukila kutwa nzima, hodi haikatiki, na chembe zinachoka kuitikia. Mafuta ya mwilini, ambayo yangetulia mahali pake yakisikia hodi hiyo, sasa hayaisikii. Yanatoka, yanaingia kwenye damu na kuishia kwenye ini. Ini nalo lina ukaidi wake. Likiambiwa liache kutoa sukari, halisikii. Likiambiwa ligeuze sukari iwe mafuta, hapo linasikia vizuri sana, na kazi linaifanya kwa bidii.

«Likizidiwa, chembe zake hupiga yowe,» Aurélio aliendelea, «mwili unaleta askari, na askari wale wanachoma nyumba waliyokuja kuilinda.»

Sasa mwambie mtu wa Mocímboa habari za askari na nyumba kuchomwa, uone. Somoe alishika kiti kwa mikono miwili. Daktari akaona kosa lake, akapunguza sauti. Alisema ini bado halijapata kovu. Akipunguza mwili, mafuta yatapungua. Ale kidogo, asile ovyo katikati, atembee kila siku mpaka atoke jasho.

«Unaniambia nikae na njaa?»

«Njaa kidogo tu, mama.»

«Njaa kidogo mimi siijui,» Somoe alisema, na machozi yakamtoka.

Hakumwambia mtu. Angemwambia Atija, kufikia adhuhuri mtaa mzima ungemzika. Aliogopa kufa na aliogopa njaa, na hakujua kipi anakiogopa zaidi. Usiku alilala ameweka mkono ubavuni. Lakini alianza. Walipokaa kwenye sinia, yeye, Nafisa na Atija, alimega matonge madogo, akatafuna polepole, kisha akanawa mapema. «Nimeshiba,» alisema, huku macho yake hayabanduki kwenye wali. Asubuhi, kabla ya vitumbua, alizunguka kijiji mpaka nyumba za mwisho. Hapo alisimama, akaitazama njia iendayo porini, kisha akageuza haraka.

Siku moja alikuwa akikoroga unga wa vitumbua uani mara Atija akaingia mbio, kitenge kimemfunguka, kikapu mkononi.

«Wewe Somoe una roho gani? Umejua wanakuja, usiniambie mimi dada yako!»

«Nani wanakuja?»

«Hao hao wa Mocímboa! Mtaa mzima unajua. Watu wanafungasha!»

Somoe aliutupa mwiko. Alikimbilia ndani, akiita Nafisa, Nafisa. Alimkuta binti yake amekaa kitandani, amevaa viatu. Pembeni yake kulikuwa na furushi limefungwa kwa kamba: makopa ya mihogo, chumvi, kiberiti, nguo za watu wawili. Makopa yale hayakukusanywa siku moja.

«Nani amekwambia wanakuja?» Somoe alimshika mabega. «Nani, mwanangu?»

«Wewe.»

«Mimi? Mimi nimesema nini?»

«Umesema umeshiba.» Nafisa alishika kamba ya furushi. «Kule porini ulikuwa unatia mkono kwenye chakula, hutoi kitu, unasema umeshiba. Sasa umeanza tena. Na kila asubuhi unakwenda kuangalia njia. Nikamwambia Haula wa jirani, na Haula akamwambia mama yake.»

Somoe akakaa chini. Miaka yote hii alidhani mtoto alikuwa mdogo mno kuona. Atija, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikifunga tena kitenge chake. Kisha akatoka kwenda kuwatuliza majirani.

Ikabidi Somoe aseme yote. Hakuna vita vilivyosikika. Ini lake linaumwa, dawa yake ni kula kidogo na kutembea, naye aliogopa kusema.

«Utakufa?»

«Daktari anasema bado ninawahi.»

«Sasa hivi una njaa?»

«Ninayo.»

«Kama ile?»

Somoe alifikiri, maana mtoto huyu hadanganyiki. «Ile sikujua itakwisha lini. Hii, kesho asubuhi kuna uji.»

Mchana ule walikula tena pamoja. Somoe alimega matonge yake machache akanawa, na safari hii alisema wazi kwamba hajashiba. Nafisa alimtazama kidogo, kisha akala mpaka sinia likabaki jeupe. Viatu akavivua. Lakini furushi alilisukuma chini ya kitanda likiwa limefungwa vile vile, na Somoe, aliyemwona, hakumwambia alifungue.